Safari ya Eropleni toka Nairobi hata New York

Leo twataka kueleza kwamba umbali wa safari, muda wake, na saa ya kufika ni mambo matatu mbalimbali. Tutatwaa mfano wa viwanja viwili vilivyo mbali sana: kile cha Jomo Kenyatta, Nairobi, na kile cha John F. Kennedy, New York, katika Marekani. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kupeleka abiria kati ya miji hiyo pasipo kutua njiani.

Kwanza, njia. Umbali ni kilometa 11,840 hivi, yaani maili 7,350. Ukipiga mstari kwa rula juu ya ramani ya ukutani, mstari utaiacha Afrika katika pwani ya Moritania. Lakini dunia ni mviringo kama chungwa, wala si bapa kama ramani. Vuta uzi juu ya tufe la dunia toka mji hata mji, utaona wapita juu ya jangwa la Sahara, kisha karibu na Marrakech katika Moroko, ndipo uvuke bahari ya Atlantiki. Uzi huo ndio njia fupi kupita zote, na marubani hufuata njia iliyo karibu nao kadiri wawezavyo.

Pili, upepo. Huko juu sana, juu ya Atlantiki, huvuma upepo wenye nguvu utokao magharibi kwenda mashariki, na mara nyingi hupita kilometa 160 kwa saa. Mwenye mtumbwi ajua kwamba kupanda mto si sawa na kushuka. Vivyo hivyo, kwenda New York huchukua karibu saa 15, na kurudi karibu saa 14, ingawa umbali ni ule ule. Hesabu hii si mchezo. Katikati ya bahari hapana mahali pa kuongeza mafuta, kwa hiyo upepo hupimwa na mafuta ya akiba hupakiwa kabla ya kuondoka.

Tatu, saa. Labda mtauliza: eropleni ikiondoka Nairobi saa 5 na nusu usiku, yawezaje kufika New York saa 12 na nusu asubuhi? Mbona ni saa 7 tu? Jawabu ni hili. Jua huchomoza kwetu kwanza, na kule baadaye. Wakati wa baridi saa ya New York huwa nyuma ya yetu kwa saa 8; wakati wa joto Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa 7. Abiria huyo amesafiri saa 15 kamili; kwetu ni saa 8 na nusu mchana. Akirudi wakati huo wa baridi, akaondoka kule saa 6 mchana, atashuka Nairobi saa 4 asubuhi ya siku ya pili.

Basi, anayemngojea ndugu yake na aulize mambo matatu: ameondoka saa ngapi kwa saa ya kule, safari ni ya saa ngapi, na tofauti ya saa ni kiasi gani. Asipouliza hayo, huenda akafika kiwanjani mgeni amekwisha ngoja mchana kutwa.