Mama wa Epworth na Zamu ya Kila Mtoto

Katika jimbo la Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, uko mji mdogo uitwao Epworth, uliozungukwa zamani na nchi ya mabwawa na chepechepe, na lau si malezi ya mwanamke mmoja aliyeishi pale mwanzoni mwa karne ya 18, watu wa mbali wasingekuwa na sababu ya kulijua jina lake. Mwanamke huyo ni Susanna Wesley, mkewe kasisi Samuel Wesley na mama yao John na Charles, walioanzisha madhehebu ya Wamethodisti, ambayo misheni yake ilifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Habari za wana zimesimuliwa sana. Mimi napenda kumsimulia mama, kwa kuwa ukarimu wake ni wa namna isiyosifiwa vya kutosha: hakuwa na mali ya kugawa, akagawa wakati wake.

Alizaliwa London mwaka 1669, kitinda mimba wa aila kubwa mno, ambayo husemwa ilikuwa na watoto 25. Akaolewa mwaka 1688, na yeye mwenyewe akajaliwa watoto 19. Tisa katika hao walifariki wakiwa wachanga, wakabaki kumi: wavulana watatu na wasichana saba. Mwenye kuisoma hesabu hiyo asiipite upesi, maana ni mazishi tisa ya mama mmoja.

Riziki nayo ilikuwa ya taabu, kwani mumewe, ijapokuwa alikuwa mtu wa elimu na dini, hakujua kuchunga fedha, hata mwaka 1705 akafungwa katika ngome ya Lincoln kwa ajili ya deni. Susanna, asiyekuwa na kitu kingine cha kumsaidia, alivua pete zake akampelekea auze. Naye mume, kwa haya au kwa mapenzi, akazirudisha. Askofu Mkuu wa York alipomuuliza kama amewahi kukosa mkate, alijibu kwamba kukosa kabisa hakukosa, walakini mashaka ya kuupata kabla ya kuula na ya kuulipa baada ya kuula yalikuwa makubwa hata ukapoteza ladha.

Katika dhiki hiyo aliendesha chuo chake mwenyewe, ndani ya nyumba, saa sita kila siku. Mtoto alipotimiza miaka mitano, siku moja nzima ilitengwa kwa ajili yake, kazi zote za nyumbani zikapangwa mapema, wala hapakuruhusiwa mtu kuingia chumbani. Na jua lilipokuchwa mtoto alikuwa amekwisha kuzijua herufi zote, isipokuwa wawili tu waliohitaji siku moja na nusu. Kesho yake huanza kusoma Kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza. Tena aliweka sharti ambalo kwa zama zile lilikuwa jambo la ajabu, ya kuwa msichana asitiwe katika kazi za kushona mpaka ajue kusoma sawasawa.

Lakini lililo tukufu zaidi, kwa maoni yangu, ni desturi aliyoianza katika majira ya baridi ya mwaka 1711 kuingia 1712, baada ya kusoma habari za wamisionari wa Denmark waliokwenda Bara Hindi, zikamfanya ajiulize kama hana la kuzidisha katika utumishi wake. Alianza na watoto wake. Kila jioni alikaa na mmoja wao faraghani, akamsikiliza na kusema naye mambo ya roho yake: Jumatatu ni zamu ya Molly, Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Nancy, Alhamisi ya John, Ijumaa ya Patty, Jumamosi ya Charles, na Jumapili ya Emilia na Sukey. Katika nyumba yenye watoto wengi kiasi hicho ni rahisi mtoto kuhesabiwa katika jumla. Hapa karibu kila mmoja alijua kwamba iko siku ambayo mama ni wake peke yake. Miaka 20 baadaye, John, akiwa mwalimu huko Oxford, alimwandikia mama yake kumwomba amrudishie, kwa njia yoyote itakayowezekana, sehemu ile ya jioni ya Alhamisi.

Wema huo haukukaa ndani ya kuta. Majira yale yale mumewe alikuwa London kwa baraza la kanisa, na Susanna alikuwa akiwasomea aila yake hutuba na sala jikoni Jumapili jioni. Majirani wakaomba kuingia, wakafika hata kupita 200, mpaka naibu wa kasisi akapeleka mashtaka. Mume alipomwandikia aache, alijibu kwa staha, lakini bila kutetereka, kwamba akitaka mkutano uvunjwe asimwambie anapendelea, bali amwamuru waziwazi, ili yeye asiulizwe na Mungu kwa kheri aliyoiacha. Mkutano haukuvunjwa.

Siwezi kusifu kila alilolifanya. Aliamini kwamba nia ya mtoto sharti ivunjwe mapema, na watoto wake, walipotimiza mwaka mmoja, na wengine hata kabla ya hapo, walifunzwa kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Hata hivyo, mwenye kukiri kosa lake hakupigwa. Wala elimu aliyowapa binti zake haikuwafungulia milango ya dunia: Hetty, mtunzi hodari wa mashairi, aliishi katika ndoa ya huzuni, na baba yake akakataa kumsamehe. Hilo lilikuwa kosa la zama zile kuliko la mwalimu.

Alifiwa na mumewe mwaka 1735, akaishi kwa wanawe kwa zamu, na mwisho akakaa London katika karakana ya zamani ya mizinga ambayo John aliigeuza kuwa nyumba ya ibada. Huko alifariki Julai 1742, akazikwa katika makaburi ya Bunhill Fields. Ni katika nyumba hiyo, mama angali hai, John alipokuja mbio, amejaa ghadhabu, kumkataza kijana Thomas Maxfield, asiyekuwa kasisi, asihubiri tena. Mama alimwambia ajihadhari, kwani kijana yule ameitwa na Mungu kama yeye alivyoitwa, na amsikilize kwanza kabla ya kumhukumu. John alimsikiliza, akamwachia. Na tangu hapo wahubiri wasio makasisi wakawa nguzo ya Wamethodisti popote walipokwenda.