Kutabiri Theluji ya New York kwa Kumbukumbu za Tabianchi

Tangu mwaka 1869 hali ya hewa katika bustani ya Central Park, jijini New York, imekuwa ikipimwa na kuandikwa, na kumbukumbu za theluji zilizokusanywa humo ni miongoni mwa zile ndefu zaidi nchini Marekani. Ndani yake yamo majira ya baridi ya 1995/96, yaliyoangusha theluji ya sentimita 192, na yamo pia majira ya 2022/23, yaliyoambulia sentimita 6 tu, ilhali wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020 ni sentimita 76. Tofauti kubwa namna hiyo haiwahusu wataalamu peke yao, kwa sababu idara ya usafi ya jiji hulazimika kuweka akiba ya chumvi ya kuyeyushia barafu na kuandaa magari ya kusukuma theluji kabla baridi haijaingia, na mkataba wa jiji, ambao ndio sheria yake kuu, unaagiza kwamba fedha za kazi hiyo zikadiriwe kwa wastani wa matumizi ya miaka mitano iliyotangulia. Jiji basi limekwisha kuamua kwamba yaliyopita yatumike kukadiria yajayo. Swali ni yanaweza kutegemewa kwa kiasi gani.

Takwimu hizo hutokana na kazi ya mikono. Mpimaji huweka mahali pa wazi ubao uliopakwa rangi nyeupe ili usinyonye joto la jua, hupima kwa rula kina cha theluji iliyotua juu yake, kisha huufuta ubao na kuurudisha mahali pake. Kanuni ya sasa hairuhusu ubao kufutwa zaidi ya mara moja katika kila saa 6, kwa kuwa theluji hushindiliwa na uzito wake yenyewe, na anayeipima kila saa hupata jumla kubwa kuliko anayeipima mara moja kwa siku. Kanuni hizi hazikuwa zilezile katika vizazi vyote vya wapimaji, na kwa hiyo tofauti ndogo kati ya majira ya karne ya 19 na ya karne hii haifai kujengewa hoja nzito.

Wazo la kutabiri msimu kwa kuchunguza misimu iliyopita lilipata msingi wake wa kisayansi kwa Gilbert Walker, mwanahisabati Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904 hadi 1924 na ambaye, akitafuta dalili za mapema za kupungua kwa mvua za monsuni, alilinganisha vipimo vya vituo vingi vya dunia. Aligundua kwamba mgandamizo wa hewa, yaani uzito wa hewa unaolemea uso wa dunia, huenda kama mizani kati ya Pasifiki na eneo la Bahari ya Hindi, upande mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes alieleza jinsi mizani hiyo inavyofungamana na El Nino, hali ambayo maji ya Pasifiki karibu na ikweta hupata joto kupita kawaida, na ambayo kinyume chake, maji yanapopoa, huitwa La Nina. Joto hilo huhamisha mawingu makubwa ya mvua kuelekea mashariki, na mawingu nayo hupindisha mkondo wa upepo unaokwenda kasi katika anga la juu na kuongoza njia za dhoruba hadi mabara ya mbali.

Wakazi wa Afrika Mashariki wanaifahamu El Nino kwa mafuriko ya mwaka 1997, mvua za vuli zilipopita kiasi nchini Kenya na Tanzania. Katika majira ya baridi yaliyofuata, New York ilipata theluji ya sentimita 14 tu. Mtu angeweza kuhitimisha hapo kwamba El Nino huinyima New York theluji, lakini El Nino nyingine, ya 2009/10, iliuletea mji huohuo sentimita 131. La Nina nayo haina msimamo zaidi: majira ya 2010/11 yaliangusha sentimita 157, na yale ya 2011/12, yaliyokuwa ya La Nina vilevile, yaliishia sentimita 19, ambazo karibu 7 kati yake zilianguka mwishoni mwa Oktoba, kabla majira yenyewe hayajaanza.

Sehemu kubwa ya tofauti hizo imo katika Atlantiki ya Kaskazini. Tangu karne ya 18 Wadenmaki walikwisha kuona kwamba baridi inapokuwa kali kwao, Greenland hupata nafuu, na kinyume chake, na Walker aliitolea hali hiyo maelezo ya kitakwimu. Hupimwa kwa tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Iceland na visiwa vya Azores. Tofauti hiyo inapokuwa kubwa, pepo za magharibi huvuma kwa nguvu na kuizuia hewa ya ncha ya kaskazini isishuke; inapofifia, hewa yenye mgandamizo mkubwa hutuama karibu na Greenland, baridi ikateremka hadi mashariki ya Marekani, na dhoruba za pwani, zikikosa njia ya kupita upesi, zikakawia karibu na miji. Majira ya 2009/10 tofauti hiyo ilififia kuliko wakati wowote katika kumbukumbu zilizopo, na Desemba 2010 ilififia tena, ilhali 2011/12 ilikuwa kubwa kwa muda mrefu.

Mbinu ipendwayo zaidi na watabiri wa msimu ni ya miaka inayoshabihiana: huchaguliwa majira ya zamani ambayo bahari na anga zilifanana na za sasa, kisha theluji ya majira hayo hutafutiwa wastani. Udhaifu wake ni kwamba mifano ni haba. Edward Lorenz alitafuta hali za anga zinazofanana katika vipimo vya miaka kadhaa na mwaka 1969 akaeleza kwamba hakupata hata jozi moja iliyokaribiana vya kutosha. Mwaka 1994 Huug van den Dool akakadiria kwamba ili kuipata jozi kama hiyo kwa dunia nzima ingebidi kungoja miaka ambayo idadi yake huandikwa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 30.

Wastani wenyewe nao unaweza kupotosha. Majira manne ya El Nino kali, yaani 1972/73, 1982/83, 1997/98 na 2015/16, yaliipatia New York sentimita 7, 69, 14 na 83. Wastani wake ni sentimita 43, kiasi ambacho hakuna hata majira moja yaliyokikaribia, kwa kuwa mawili yalipata theluji haba na mawili yaliokolewa na dhoruba mojamoja: ile ya Februari 1983 iliangusha takriban sentimita 45, na ile ya Januari 2016 takriban 70. Anayetangaza sentimita 43 anaficha jambo muhimu kuliko yote ambalo kumbukumbu hizo zinasema, yaani kwamba El Nino kali huleta hewa yenye vuguvugu pamoja na dhoruba zilizojaa mvuke, na kwamba siku mbili za baridi zikikutana na dhoruba moja, hesabu ya msimu mzima hubadilika.

Isitoshe, hali ya msingi nayo inahama. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na hivyo dhoruba ileile huweza kugeuka mvua tupu pwani au, baridi ikitosha, kumwaga theluji nyingi kuliko zamani. Kuanzia Februari 2022 hadi Januari 2024 zilipita siku 701 bila Central Park kupata hata sentimita 2.5 za theluji katika siku moja.

Kwa sababu hizo, Kituo cha Utabiri wa Tabianchi cha Marekani hakitangazi jumla ya theluji ya msimu, bali hutoa uwezekano wa joto na wa mvua kuwa juu ya kawaida, kawaida au chini yake, na utaratibu huo unastahili kuigwa na kila anayeutabiria mji mmoja. Maendeleo yapo: mwaka 2014 watafiti wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza walionyesha kwamba mwelekeo wa mgandamizo wa Atlantiki ya Kaskazini unaweza kutabiriwa kwa mafanikio ya kuridhisha tangu mwanzoni mwa Novemba. Hata hivyo, kutoka kwenye mwelekeo huo hadi kwenye sentimita za mji mmoja kuna hatua ambayo dhoruba yenyewe ndiyo huiamua. Januari 2015 New York ilitahadharishwa, saa chache tu kabla, ijiandae kwa sentimita 50 hadi 75, dhoruba ikapita mashariki kidogo ya ilivyotarajiwa, na Central Park ikapata 25, huku sehemu za mashariki za Long Island zikizikwa na zaidi ya sentimita 60.