Karani Akikujibu Vibaya

Wilaya za Tarime na Serengeti hazina reli. Mtu wa Sirari au Mugumu akitaka kupanda garimoshi, huanza kwa basi mpaka Mwanza. Reli ilifika huko mwaka 1928. Pale stesheni, mtu wa kwanza kuonana naye ni karani wa tiketi.

Je, akikujibu, "Kwani hujui kusoma?" Neno hilo linauma, hasa kwa sisi tuliojifunza kusoma ukubwani. Lakini usirudishe tusi. Ukitukana nawe, watu wataona wagomvi wawili, na safari yako itaharibika.

Fanya hivi. Msalimu kwanza, kisha uliza nauli na saa ya kuondoka. Kabla hujatoka dirishani, soma tiketi: jina, tarehe, safari na nauli. Hesabu chenji hapo hapo. Ukionewa, mwone mkuu wa stesheni. Andika siku, saa na jambo lilivyokuwa. Tunza tiketi, ndiyo shahidi wako. Mamlaka inayosimamia mabasi na reli, LATRA, iliyoanza mwaka 2019, hupokea malalamiko ya abiria.

Nasi wasafiri tujirekebishe. Tupange foleni, tusisukumane. Tumpishe mzee na mama mwenye mtoto mgongoni. Karani naye ni mtu, kelele humchosha.

Zamani asiyejua kusoma alionewa akanyamaza. Leo kalamu unayo. Itumie, lakini kwa adabu.