Rai Iliyozaliwa Kwenye Marudio

Wasomi wa mjini hupenda kunena kwamba rai ya umma hutengenezwa na magazeti na idhaa, kana kwamba akili ya raia ni debe tupu lingojalo kujazwa. Lakini aliyepata kuketi kwenye karasha, kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, huko Geita au Kahama, vumbi jeupe la mawe likimtua kopeni na redio ikigombana na mngurumo wa mashine, ataiona dhana hiyo kuwa pungufu.

Tuchukue Machi 2017: serikali ilizuia usafirishaji nje wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, na makontena 277 yakasalia bandarini Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikamsomea Rais Magufuli taarifa yake Ikulu, nchi nzima ikitazama, kwamba dhahabu iliyomo ilizidi mno ile iliyotangazwa. Kampuni ya Acacia, yenye migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ikakanusha; vijiweni hapakuwa na wa kuisikiliza.

Kwani wachimbaji hukumu walikuwa nayo zamani. Mchimbaji mdogo apelekapo mifuko yake ya mawe karashani, husagiwa, akainasa dhahabu ya ungani kwa zebaki, akaondoka na chembe zake. Mchanga uliobaki, ndio marudio, aghalabu huwa mali ya mwenye karasha, ambaye baadaye huuchenjua kwa sayanaidi akapata dhahabu ambayo mwenye jasho haioni kabisa. Basi mtu huyo aliposikia redioni habari ya mchanga upakiwao melini, hakuhitaji hesabu za profesa: alimwona mwenye karasha yule yule, safari hii kavaa suti. (Hata Geita, ambako mgodi mkubwa haukuwa ukisafirisha makinikia, ghadhabu ilikuwa ile ile.)

Ghadhabu, hata iwe ya haki, haina mizani, na hapo ndipo magazeti yalipopaswa kuihoji kamati na kampuni kwa ukali ule ule. Juni mwaka huo huo gazeti la Mawio, lililowahusisha marais wastaafu Mkapa na Kikwete na mikataba ya madini, lilifungiwa miezi 24, na sidhani kama kuna mhariri ambaye hakulisoma onyo hilo.

Madai ya kodi ya serikali dhidi ya Acacia, yaliyofikia dola bilioni 190, yalikwisha, Oktoba 2019, kwa mwafaka wa dola milioni 300 na hisa za serikali asilimia 16 katika kampuni mpya ya ubia, Twiga. Mwaka uliofuata makinikia yakapanda meli tena. Karashani nilikokuwa, redio ilikuwa kwenye mpira, na kijana mmoja, miguu imemgeuka rangi kwa tope, alikuwa akibishana na mwenye mashine juu ya ndoo mbili za marudio.