Mmekuja kliniki Mwanza na mtoto? Ziwa litazameni, msiliingie

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi wanaotoka mbali si la dawa. Ni hili: "Daktari, wamesema majibu ni saa nane, sasa niende wapi na huyu mtoto?" Hapo ni saa nne asubuhi. Mtoto ameshatolewa damu, amelia, amenyamaza, na sasa anapanda mabenchi. Mama ameondoka nyumbani alfajiri na nauli ya kurudi ameifunga kwenye pindo la kanga.

Kukaa saa nne kwenye korido kati ya watu wanaokohoa si jambo ninalompendekezea mtoto yeyote. Lakini wengi wakitoka nje ya geti hushuka ziwani, kwa sababu ziwa halina kiingilio. Mtoto anavua viatu, anaingia maji ya magotini, mama anapumzika kivulini. Hapo ndipo mtu aliyekuja na ugonjwa mmoja huondoka na miwili.

Tuanze na usafiri, maana ndio unaomaliza nguvu na pesa. Mwanza ni jiji la mawe na vilima, na njia zake kubwa za kuingilia ni tatu. Barabara ya Kenyatta inakwenda Mkuyuni, Butimba na Nyegezi hadi Shinyanga. Barabara ya Nyerere inapita Mabatini, Nyakato na Igoma kuelekea Kisesa na Musoma. Barabara ya Makongoro inakwenda Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege. Ukizishika hizo tatu, daladala hazitakupoteza. Mabasi ya upande wa Shinyanga hushushia Nyegezi. Ya Musoma na Magu hushushia Nyamhongolo. Wanaotoka Sengerema na Geita wamepumua tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lenye kilomita 3 lilipofunguliwa. Nimewahi kupokea watoto walioishiwa maji mwilini wakiwa kwenye foleni ya kivuko, kwa hiyo daraja hilo nalihesabu kuwa ni tiba.

Kabla hujapanda gari la mjini, soma barua ya rufaa. Kuna Bugando, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, na kuna Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kila wiki kuna mzazi anayejipanga foleni ya hospitali moja na barua ya nyingine. Bugando ipo juu ya kilima, na kilima chenyewe si cha mchezo. Muulize konda kama gari linakufikisha juu au linakuacha chini. Kama mtoto ana selimundu, ugonjwa wa moyo au upungufu mkubwa wa damu, au wewe mwenyewe ni mjamzito, lipia bajaji ya kupanda mlima na uokoe pesa mahali pengine. Bodaboda sipendi, na mshikaki wa mtoto aliyebanwa kati ya mama na dereva bila kofia ngumu ndio nisioupenda kabisa.

Sasa ziwa. Wazazi wengi wanakijua kichocho kama ugonjwa wa kukojoa damu. Hicho kipo, hasa maeneo ya ndani, kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Cha Ziwa Victoria ni kingine, ni kichocho cha tumbo. Mkojo unabaki msafi, na ndiyo maana kinawadanganya watu miaka mingi. Mtoto analalamika tumbo, anaharisha mara kwa mara, pengine kuna damu kidogo kwenye choo kikubwa, anachelewa kukua. Akiendelea kuambukizwa bila kutibiwa, mayai ya minyoo yanajikusanya kwenye ini, wengu unavimba, na baada ya miaka anafikishwa kwetu usiku akitapika damu. Hao tunawaona, na wengine ni vijana wadogo kabisa.

Kijidudu chake kinatoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi, penye majani. Kinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache, na mtoto anaweza asihisi kitu. Kinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne hivi hadi alasiri, yaani muda ule ule unaosubiri majibu. Kujifuta kwa taulo haraka si kinga ya kutegemea. Wala ufukwe wenye mchanga mweupe, viti vya kulipia na muziki hauna geti la kuzuia konokono. Mto Mirongo, huu unaokatiza hapa kwetu Mirongo hadi ziwani, una shida zake nyingine: unabeba uchafu wa jiji, hufurika wakati wa mvua, na mtoto anayeokota chupa humo anaweza kwenda nyumbani na homa ya matumbo, au kipindupindu kikiwa kimezuka.

Kwa hiyo niende wapi? Ukiwa na saa mbili tu, teremka hadi karibu na kivuko cha Kamanga ukamwonyeshe mtoto Jiwe la Bismarck, lile jiwe lililosimama juu ya mawe mengine majini kama limewekwa kwa mkono. Mtoto ataangalia vivuko vikiingia na kutoka, na hilo peke yake linatosha kumtuliza mtoto wa kiume wa miaka minne, naongea kwa uzoefu. Jua likichoma, Rock City Mall kwenye Barabara ya Makongoro ina kivuli na vyoo, na hakuna anayekulazimisha kununua.

Ukiwa na nusu siku na akiba kidogo, panda boti Capri Point uende Kisiwa cha Saanane. (Ndiyo, hata jina lake linafanana na saa ya majibu.) Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo sana, lakini ina swala, tumbili na pimbi waliojianika juu ya mawe. Safari ya boti ni ya dakika chache, ila usikubali kuondoka kabla mtoto hajavaa jaketi la kuokolea linalomtosha. Mwanza haijasahau MV Bukoba ya Mei 1996. Mwenye selimundu abebe sweta, kwa sababu upepo wa ziwani unaweza kuamsha maumivu, na anywe maji njia nzima.

Na kama mmeambiwa mrudi kesho, kuna Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kuna ngoma kubwa za watemi na nyumba za zamani, na Juni ngoma za Bulabo huvuta watu kutoka kila upande. Mtoto wa Kisukuma aliyekulia mjini atajifunza mengi huko.

Kama tayari mtoto ameshaingia ziwani, msigombane njiani. Usikimbilie duka la dawa siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa ya kichocho, prazikwanteli, haiui vizuri minyoo michanga, na kipimo cha choo hakitaonyesha mayai mapema. Mpeleke apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Dawa hutolewa kwa uzito, baada ya chakula. Walio chini ya umri wa shule husahaulika kwa sababu kampeni za kugawa dawa hufanyika shuleni, ilhali tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri watoto kuanzia miaka miwili wajumuishwe kwenye maeneo yenye maambukizi.

Usisubiri wiki hizo kama atapata homa, vipele vinavyowasha, kikohozi au kuharisha ndani ya wiki chache baada ya safari. Hutokea zaidi kwa wageni wa ziwa. Kama mnaishi Dodoma au Dar es Salaam, daktari wa huko atafikiria malaria kwanza, na ni sawa apime. Lakini usiondoke chumbani kwake kabla hujamwambia mtoto alichezea maji ya Ziwa Victoria, na tarehe ilikuwa ngapi.