Je, Wajua? Kabla Hujajaza Fomu ya Uzamili wa Elimu ya Wenye Ulemavu wa Viungo

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Kyambogo, Uganda, kilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, na mojawapo ilikuwa taasisi ya taifa ya elimu maalumu?

Wajua kwamba KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya iliyoko Kasarani, Nairobi, na iliyoanzishwa 1986, inasifika kwa vyeti na stashahada? Anayetaka uzamili hubisha hodi vyuo vikuu, kama Kenyatta au Maseno.

Wajua kwamba jina la shahada halisemi mengi? Nyingi huandikwa “Elimu Maalumu” basi. Ukifungua ndani unaweza kukuta uziwi na ulemavu wa kuona vimejaa tele, ulemavu wa viungo ni kozi moja, tena ya hiari. Omba orodha ya kozi. Kipeperushi waachie wenyewe.

Wajua kwamba mtoto mwenye mgongo wazi yumo katika hatari kubwa ya mzio wa mpira asilia? Puto la sherehe ya darasa au glavu za huduma ya kwanza zinaweza kumbana pumzi. Na kama ana mrija wa kupunguza maji kichwani, akianza kuumwa kichwa, kutapika na kusinzia darasani, usimwite mvivu: mrija huenda umeziba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Muulize mratibu wa programu haya yanafundishwa na nani. Akijibu “mtajifunza mkifika kazini”, mshukuru, ondoka.

Wajua kwamba mwaka 1997 watafiti wa Kanada walichapisha kipimo cha ngazi tano cha mwendo wa watoto wenye mtindio wa ubongo? Wa ngazi ya kwanza hupanda ngazi za nyumba bila kushika kitu. Wa tano hutaabika hata kuinua kichwa. Hakipimi akili hata kidogo. Huyo wa tano huenda anafuata hesabu zote ubaoni, ila mkono haushiki kalamu na ulimi hautii. Mwalimu aliyebobea humwekea ubao wa picha na herufi, mtoto akachagua kwa macho, na jibu likapatikana. Uzamili usiokufikisha hapo kwa vitendo, kwangu mimi, ni joho tu.

Wajua kwamba njia ya mteremko ya kiti mwendo, kwa kanuni inayotumika sana, huhitaji urefu mara 12 ya kimo chake? Baraza la sentimita 30 lataka njia ya mita 3.6. Ukizuru chuo, pima. Tena angalia kama mhadhara wa elimu jumuishi hautolewi ghorofani, lifti ikiwa mbovu.

Wajua kwamba Joytown ya Thika na Matumaini ya Dar es Salaam zote ni shule za Jeshi la Wokovu za watoto wenye ulemavu wa viungo? Uliza: nitakaa wiki ngapi katika shule kama hizo, na msimamizi wangu atafika au atapiga simu?

Na kama unafikiria kusoma Marekani, wajua kwamba huko leseni ya ualimu hutolewa na jimbo, na si kila shahada huja nayo?

Kabla hujalipa ada ya maombi, mtafute mhitimu mmoja wa programu hiyo. Muulize ni nani alimfundisha kumhamisha mtoto kutoka kiti mwendo hadi kiti cha darasa bila kumuumiza.