MGENI SI ADUI WA MFANYAKAZI

Ndugu wafanyakazi,

Bilpam ya Juba, yalipo makao makuu ya jeshi, ilichukua jina la kambi ya wapiganaji iliyokuwa ndani ya Ethiopia miaka ya 1980. Ndiyo kusema jina lenyewe ni ukumbusho wa kupokewa ugenini. Lakini mjini humo humo husikika maneno haya: "Wageni wametumalizia kazi." Tusiyacheke. Mwenye kuyasema ana watoto wenye njaa.

Baada ya mkataba wa amani wa 2005, fedha za mafuta ziliingia Juba. Waganda, Wakenya, Waethiopia na Waeritrea walikuja kujenga, kupika, kuendesha pikipiki na kuuza vyakula vilivyopitia Nimule. Vita vilikuwa vimewanyima vijana wa nchi shule na ufundi, na matajiri wengi waliona rahisi kuleta fundi aliye tayari kuliko kumfundisha mwenyeji.

Kisha neema ikakatika. Januari 2012 visima vilifungwa kwa ugomvi na Khartoum juu ya ada za bomba. Desemba 2013 vita vikazuka. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani, iliyokuwa zaidi ya dola 100 kwa pipa, ikaporomoka.

Hasira ikamwangukia mgeni. Mwaka 2013 wageni walikatazwa kuendesha bodaboda Juba. Septemba 2014 Wizara ya Kazi ilitoa waraka kutaka wageni waachishwe kazi katika mabenki, hoteli na makampuni ifikapo tarehe 15 Oktoba. Baada ya kelele nyingi ukalegezwa. Januari 2025, zilipofika habari za Wasudani Kusini waliouawa Wad Madani nchini Sudan, maduka ya Wasudani yaliporwa Juba na watu wakauawa. Muuza duka wa Juba alikuwa na kosa gani?

Tujiulize: nani aliyeshusha bei ya pipa? Si mwashi wa Kampala. Bei hupangwa katika masoko ya mbali, na mtaji huvuka mipaka bila taabu. Anayeulizwa kibali ni mfanyakazi.

Tukumbuke pia mwaka 1970. Serikali ya Uganda iliwaondoa maelfu ya wafanyakazi wa Kenya. Haikupita miaka mingi, Waganda wenyewe wakawa wanakimbilia Kenya kuuepuka utawala wa Idi Amin. Wasudani Kusini nao wamepata hifadhi Kakuma na Uganda. Leo mgeni ni yeye, kesho ni wewe.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, ujira sawa kwa kazi sawa, kwani mgeni asiye na mkataba ni fimbo ya tajiri: leo humlipa kidogo, kesho humtumia kukutisha wewe. Pili, kila mwajiri anayeleta fundi wa nje afundishe vijana wa hapo. Tatu, mgeni aandikishwe chamani kama sisi.

Ndugu, ukimfukuza jirani yako kiwandani, mshahara wako hautapanda hata senti moja. Utapanda tukisimama pamoja.

Umoja ni nguvu!